Mamba na Mkutano wa Maneno Mazuri

Paukwa.

Pakawa.

Ninayo ngano kinywani.

Itoe.

Ni chungu.

Itoe hivyo hivyo.

Nikiitoa, nani ataipokea?

Sisi tuliokaa.

Basi sogeeni, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Mwenyezi Mungu aniongoze nisizidishe, maana ulimi wangu unapenda kuzidisha.

Palikuwa na nchi ya wanyama, na nchi hiyo ilikauka. Mto ulikauka. Visima vilikauka. Majani yalikauka hata ukiyakanyaga yanalia kacha, kacha, kacha. Likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa alikaa Mamba.

Mamba alikuwa mkubwa kuliko wote, mkubwa wa umri na mkubwa wa tumbo. Wanyama wenyewe ndio waliomweka kuwa mlinzi wa maji mpaka mvua irudi. Hakuna aliyewalazimisha. Walimpigia makofi.

Wanyama hao walikuwa na vyama viwili. Kimoja kiliitwa Chama cha Pembe, na kiongozi wake alikuwa Nyati. Cha pili kiliitwa Chama cha Meno, na kiongozi wake alikuwa Ngiri. Walikuwa wakigombania nani atangulie kunywa. Asubuhi matusi, jioni matusi.

Nyati anasema, "Ngiri, uso wako kama chungu kilichoungua upande mmoja."

Ngiri anajibu, "Na wewe kichwa chako kama jiwe la kusagia. Kizito, na unga hamna."

Watu wa Pembe wanacheka. Watu wa Meno wanacheka. Na wakati wanacheka, chubwi. Mtoto mmoja aliyekuwa akinywa pembeni, hayupo.

Bi Swala alilia siku hiyo. Akasema, "Mamba amemchukua mwanangu." Watu wa Meno wakamwambia, "Umetumwa na chama chako useme hivyo." Basi akanyamaza.

Siku nyingine matusi, kicheko, chubwi. Safari hii ni mtoto wa Bi Kima. Bi Kima akalia, "Mamba amemchukua mwanangu." Watu wa Pembe wakamwambia, "Mmemficha wenyewe ili mpate la kusema." Basi naye akanyamaza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Matusi, kicheko, chubwi. Matusi, kicheko, chubwi.

Sasa, ng'ambo ya bwawa palikuwa na majabali, na kwenye majabali alikaa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi. Mnyama mdogo, mviringo, hana pembe, na meno yake si ya kumtisha mtu. Kwa hiyo hakuwa na chama. Alikuwa mjane. Mume wake alishuka kunywa maji siku moja wakati watu wanacheka, na yeye Bi Pimbi alikuwa juu ya jabali, akaona kila kitu tangu mwanzo mpaka mwisho. Alibaki na mtoto mmoja wa kike, jina lake Kokoto.

Siku moja Mamba akatoa kichwa majini, akaongea kwa sauti ya kuugua.

"Wanangu," akasema, "nchi yetu imeharibika kwa maneno. Siasa imekuwa matusi. Mimi silali. Naomba tufanye mkutano mkubwa, vyama vyote, wakubwa kwa wadogo. Tuuite Mkutano wa Maneno Mazuri. Tule kiapo kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayesema neno la kumuumiza mwenzake. Na siku hiyo hiyo, kama mtaona inafaa, mnithibitishe niwe mlinzi wa maji daima. Maana mkigombania na hilo, mtatukanana tena."

Nyati akasema, "Hilo jambo jema." Ngiri akasema, "Jambo jema sana." Walikuwa wamechoka. Matusi yanachosha hata anayeyatoa.

"Kuna kitu kimoja kidogo," akasema Mamba. "Mkutano una mgeni rasmi, na mgeni rasmi hupokea shada la maua kutoka kwa mtoto. Mimi nitakuwa mgeni rasmi. Mtoto atakuwa Kokoto, binti wa Bi Pimbi, maana yeye hana chama na hakuna atakayeona wivu. Nitamfuata mwenyewe kwenye majabali, nimvushe mpaka jukwaani."

Bi Swala akauliza kwa sauti ndogo, "Utamvusha vipi, mzee?"

"Kinywani," akasema Mamba. "Sisi mamba watoto tunawabeba kinywani. Wangu wote nimewabeba hivyo. Au kuna mtu ana mawazo mabaya?"

Kuwa na mawazo mabaya kuhusu mkutano wa maneno mazuri, huo ungekuwa uchochezi. Na mchochezi hanywi maji.

Wote wakamtazama Bi Pimbi. Midomo ya Kokoto ilikuwa imepasuka kwa kiu. Akikataa leo, kesho mtoto hatapata hata tone. Akikubali, ndiyo hivyo tena.

Bi Pimbi akasema, "Ni heshima kubwa, mzee. Sina cha kukulipa. Ila nina ombi dogo, linahusu adabu."

"Sema, mama."

"Vijana siku hizi hawaamkii, mzee. Wanapita tu kama wanapita kichakani. Tuliongeze na hilo katika kiapo. Mdogo amwamkie mkubwa. Na mkubwa akiamkiwa, aitikie kwa kinywa chake, ainamishe kichwa chini, kabla hajafanya jambo lingine lolote."

Mamba akafikiri. "Wote wataniamkia mimi?"

"Nani mwingine, mzee? Wewe ndiye mkubwa."

"Mpaka Nyati?"

"Mpaka Nyati."

Mamba akacheka, kha, kha, kha, maji yakatikisika. "Bi Pimbi, adabu yote hiyo umeificha wapi, na kimo chenyewe hicho?"

"Nimekaa jirani na wewe, mzee. Nimejifunza."

Basi hawakungoja mkutano, uliopangwa kesho yake, wakala kiapo papo hapo. Kila mnyama alichovya mguu majini akasema, "Nikivunja, maji yanikatae." Nyati alichovya. Ngiri alichovya. Mamba hakuwa na haja ya kuchovya, alikuwa humo humo, lakini naye alisema, "Nikivunja, maji yanikatae." Na wote wakasikia. Kiapo si kitu cha kuchezea, jamani. Kinaandikwa juu.

Mchana wa siku ile Bi Swala alipanda majabali kumwona Bi Pimbi.

"Ndugu yangu," akasema, "utamwacha amchukue?"

"Nitamwacha."

"Wangu alichukuliwa kwa nguvu. Wewe wako unampa mwenyewe, na shada juu."

"Nimesikia."

"Unakaa tu hapo unasuka maua."

"Ndiyo, nasuka. Keti unisaidie, hili jani linanishinda."

Bi Swala akaketi. Wakasuka maua ya mwisho yaliyobaki kwenye nyufa za majabali. Baadaye Bi Pimbi akasema, "Baba yake Kokoto nilimwona siku ile. Mamba alimshika, akakaa naye vile kwa muda. Halafu aliinua kichwa juu, juu kabisa, akatikisa. Ndipo baba Kokoto akaenda. Mamba bila kuinua kichwa hawezi kumeza. Nimemtazama tangu siku hiyo kila anapokula, na kila siku ni hivyo hivyo."

Bi Swala akaacha kusuka.

"Hatainua kichwa mbele ya watu kabla hawajamthibitisha," akasema Bi Pimbi. "Anayataka yale maji kuliko anavyomtaka Kokoto. Atasubiri apigiwe makofi, arudi majini, kelele zifunike. Kwa hiyo nimwahi kabla ya makofi."

"Na usipomwahi?"

Bi Pimbi akavuta fundo la shada likakaza. Alimwita mtoto. "Kokoto, mama. Kesho ukiwa mle ndani, jikunje. Usipige teke. Shika shada lako. Ukiona mwanga, usiniulize kitu. Toka."

"Kutakuwa na giza, mama?"

"Kutakuwa na giza."

Siku ya mkutano ikafika, na watu walikuja, lo, walikuja. Walijaa uwanja mpaka vumbi likawa kama moshi. Watu wa Pembe walivaa shingoni majani mabichi machache ya ukingoni mwa bwawa, watu wa Meno walivaa majani makavu, halafu wakabadilishana kuonyesha mapenzi. Kwaya ya vyura iliimba. Kasuku alikuwa mshereheshaji.

"Maneno!" anaita Kasuku.

"Mazuri!" wanaitika.

"Maneno!"

"Mazuri!"

Kisha maji yakafunguka, shwaa, Mamba akaja kutoka upande wa majabali. Alikuja polepole. Kinywa amekifunga. Na katikati ya meno, upande wa kushoto, palining'inia miguu miwili midogo na ua moja jekundu.

Kila mtu aliiona ile miguu. Nawaambia kila mtu. Mama waliwafunika watoto wao macho. Nyati aliiona akatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Ngiri aliiona akaanza kujikuna sikio. Na hakuna aliyesema neno, kwa sababu neno lililokuwepo la kusema halikuwa zuri.

Msiwacheke. Mimi ningekuwepo ningekaa kimya vilevile, Mungu ananijua.

Mamba akapanda jiwe la jukwaa, akalala, miguu ikining'inia. Hakumtoa mtoto. Kasuku akasema, "Mgeni wetu rasmi amewasili. Tazameni anavyotulia. Huo ndio mfano wa kuchunga ulimi." Watu wakapiga makofi, pa, pa, pa.

Nyati akatoa hotuba. Alisema Ngiri ana uso wa kupendeza. Ngiri akatoa hotuba. Alisema Nyati ana kichwa chepesi, akajirekebisha, akasema kichwa chenye unga. Watu wakapiga makofi. Na kila makofi yalipokatika, kutoka kinywani mwa Mamba ilisikika sauti nyembamba.

"Mama. Giza."

Kwaya ikaimba kwa nguvu zaidi.

Bi Pimbi alikuwa nyuma kabisa, walikowekwa wasio na chama. Kasuku akatangaza, "Sasa tunaingia kwenye jambo lenyewe. Tumthibitishe mzee wetu, kisha watu wadogo watapita kumwamkia kwa zamu." Hapo Bi Pimbi akaona kwamba zamu yake itafika wakati mtoto ameshakuwa tumboni. Akaanza kwenda mbele.

"Bi Pimbi," akasema Kasuku, "rudi nyuma, ratiba haisemi hivyo."

"Shikamoo, Bwana Kasuku."

Kasuku akasita. Alikuwa amekula kiapo. Akainamisha kichwa. "Marahaba."

Alipokuwa ameinama, Bi Pimbi akapita.

Akamkuta Ngiri amesimama njiani. "Mama, unakwenda wapi? Huko ni kwa wakubwa."

"Shikamoo, Mheshimiwa Ngiri."

Ngiri akainamisha kichwa. "Marahaba." Bi Pimbi akapita.

Akamkuta Nyati, mpana kama mlango. "Wewe, unataka kuharibu mkutano?"

"Shikamoo, Mheshimiwa Nyati."

Nyati akapumua, fuuu. Akainamisha kichwa mpaka pembe zikagusa vumbi. "Marahaba." Bi Pimbi akapita chini ya pembe zake.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya Mamba. Karibu kiasi cha kunusa pumzi yake. Ile miguu miwili ilikuwa mbele ya macho yake, na haikuwa ikicheza.

"Shikamoo, mzee," akasema Bi Pimbi.

"Mmm," akasema Mamba.

"Sijakusikia, mzee. Shikamoo."

"Mmm. Mmm."

Vyura wakanyamaza. Mamba akamtazama kwa jicho moja, jicho la manjano, na Bi Pimbi akaona kwamba sasa ameelewa.

"Watu wazima," Bi Pimbi akawageukia wale waliokaa mbele, "nauliza tu, sina ubaya. Hiyo ni marahaba?"

Hakuna aliyetaka kujibu. Lakini Nyati naye aliyataka yale maji, akafikiri, huyu akivunja kiapo, ulinzi uko wazi. Na Ngiri akafikiri vilevile. Haikuwa huruma, nisiwadanganye.

"Mzee," akasema Nyati, "kiapo."

"Maji yanikatae, ndivyo tulivyosema," akasema Ngiri.

Mamba akaanza kuinua kichwa. Polepole. Kidevu kikaacha jiwe. Miguu ya Kokoto ikapanda hewani. Bi Swala, kule nyuma, akafumba macho.

"Chini, mzee," akasema Bi Pimbi. "Adabu ni kichwa chini. Wote wanakutazama, mzee. Bwawa lote linakutazama."

Mamba akakaa vile. Mtoto mmoja ni funda moja. Bwawa ni la daima. Akapima. Mwenye tumbo kubwa hupima hivyo. Kichwa kikashuka, kikashuka, kikagusa jiwe. Na Mamba akafungua kinywa.

"Ma. Ra. Ha. Ba."

Kwenye ra kinywa kilikuwa wazi kama pango. Pu. Kokoto akaanguka kwenye jiwe, amelowa, ameng'ang'ania shada, maua yote yamevunjika isipokuwa moja. Hakuuliza kitu. Alitoka. Bi Pimbi akamweka chini ya tumbo lake akamfunika.

Mamba akataka kugeuka arudi majini. Lakini nyuma ya Bi Pimbi alikuwa ameshafika Bi Swala.

"Shikamoo, mzee."

Mamba akainamisha kichwa, akafungua kinywa. "Marahaba."

Bi Swala alitazama ndani. Alitazama kwa muda wote wa ile marahaba. Kwenye jino la nyuma palikuwa na ukwato mdogo umekwama. Hakupiga kelele. Akasema, "Asante, mzee," akasogea pembeni.

"Shikamoo, mzee." Alikuwa Bi Kima.

"Marahaba."

Bi Kima akatazama ndani. Hakuona kitu, na hiyo pia ilikuwa mbaya. Akasogea pembeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Wakaja mama wa Pembe, wakaja mama wa Meno. Wakaja baba wachache. Msururu ukazunguka uwanja. Hakuna aliyemsukuma mwenzake, hakuna aliyemtukana Mamba, hakuna aliyepaza sauti. Mmoja anaamkia, anatazama ndani, anashukuru, anasogea. Mkutano wa heshima kama ule haujawahi kuonekana. Wengine, waliokwisha kusogea, walishuka bwawani wakanywa. Mamba aliwaona wakinywa. Hakuweza kuwafuata, maana kabla hajageuka palikuwa na salamu nyingine inasubiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Jua likampiga. Ulimi ukamkauka. Maji yalikuwa hatua chache tu. "Marahaba," anasema. "Marahaba."

Kasuku akafunga mkutano. "Umefana," akasema. Uthibitisho hakuna aliyeukumbuka. Nyati na Ngiri waliondoka pamoja, na njiani Nyati akasema, "Mimi ndiye niliyesema kiapo." Ngiri akasema, "Mimi ndiye niliyesema maji." Kabla hawajafika kwenye kona, mmoja alikuwa na uso kama chungu kilichoungua, na mwingine kichwa kama jiwe la kusagia. Kesho yake wakaanza kutafuta mlinzi mwingine wa maji. Mkubwa. Mwenye tumbo.

Na Mamba? Mpaka leo ukipita kwenye maji utamkuta amelala ukingoni, kinywa wazi. Wengine watakwambia anaota jua. Anaitikia. Salamu hazijaisha. Na wale ndege wadogo wanaoingia mle ndani na kutoka, wanaruka jino hadi jino, wanadonoa donoa, watu husema wanasafisha meno. Sio. Ni mama. Wanatafuta.

Kokoto alikua. Anakaa juu ya majabali na kizazi chake. Hamwamkii mtu. Mkubwa akipita, yeye anajificha kwenye ufa mpaka apite. Majirani wanasema mtoto yule hakufunzwa adabu. Mama yake anawasikia, wala hamgombezi.

Sasa mafunzo yake, maana ngano bila mafunzo mtasema nimewapotezea muda. Watoto, shikeni adabu. Mkubwa akiwa na kitu kinywani, msimuulize ni nini, sio heshima. Mkubwa akifungua kinywa, msitazame ndani. Na wakiitisha mkutano wa maneno mazuri nendeni, mkae mlipopangiwa, mpige makofi. Mimi ndivyo nilivyofunzwa, na mnaniona nimefika hapa.

Ngano yangu imetoka kinywani.

Tumeipokea.

Imetoka nzima?

Miguu tumeiona.

Basi iacheni itembee, Mungu atulaze pema.